Ukoo wa Bi. Mwanakombo: mchango wa Nabil

JUMANNE

Shangazi Rukia, 07:12
Assalaam alaykum ukoo. Nakumbusha tena. Mchango wa safari ya Nabil ya Kanada unafungwa Ijumaa baada ya swala. Zinatakiwa 180,000. Mpaka sasa kwangu zimeingia 41,500. Waliotoa ni Mama Faudhia, Mwalimu, Halima na mimi. Wengine mnasoma tu, tiki za buluu naziona.

Shangazi Rukia, 07:13
Namba ni ile ile ya matanga ya Mzee.

Shangazi Rukia, 07:40
Kijana ana diploma ya hoteli na huu mwaka wa pili amekaa nyumbani. Kuna wakala amempatia kazi ya hoteli Whistler, mji wa skii, yaani kuteleza kwenye theluji. Miezi sita, chumba juu yao, na viza yenyewe ni ya kazi na likizo. Tusimwangushe.

Omari, 09:55
Skii? Nabil huyu huyu anayevaa sweta Julai? 😂

Halima, 09:58
Julai Mombasa ni baridi jamani

Omari, 09:59
Huko basi atavaa godoro

Mama Faudhia, 10:20
Msimcheke mtoto. Sabrina Simader, mzaliwa wa Kilifi, aliteleza kwenye Olimpiki ya 2018 kule Korea kwa bendera ya Kenya. Kilifi na hapa ni mbali?

Omari, 10:24
Mama, yule amelelewa Austria. Nabil amelelewa Kisauni.

Shangazi Rukia, 10:25
Omari, elfu tano yako iko wapi?

Ami Swaleh Dubai, 13:02
Salaam. Nilikuwa kazini, nimesoma sasa. Huyo wakala ni nani? Ana leseni? Mamlaka ya ajira ya taifa ina orodha ya mawakala, mtu anaangalia tu kwenye intaneti. Huku gharama za kumleta mfanyakazi ni juu ya mwajiri, ndiyo sheria. Na kama ni theluji, Dubai ipo ndani ya duka tangu 2005. Nje jua linachoma, ndani watu wanateleza.

Omari, 13:05
Kumbe Nabil apande tu ya Dubai aingie kwenye friji 😂😂

Halima, 13:06
Na pengwini wapo, nimewaona kwa video

Omari, 13:06
Wanalipwa shilingi ngapi?

Shangazi Rukia, 13:20
Swaleh, wewe si wa kutufundisha habari za safari. Ulipokwenda Doha nani alitoa? Bangili za mama ziko wapi?

Ami Swaleh Dubai, 13:21
Rukia, hayo si ya hapa.

Shangazi Rukia, 13:22
Ya wapi basi? Mwaka wa kumi na moja huu, kila tukifika hapo unasema si ya hapa.

Mwalimu Khamis, 13:31
Jamani, mama yumo kwenye kikundi.

Halima, 13:32
Hasomi yeye, Mwanaisha ndiye humsomea

Mwanaisha, 13:40
Nimeshamsomea.

Samira Leicester, 22:48
Shangazi, niwie radhi, nimetoka zamu sasa hivi. Mimi nilikaa Banff, mji mwingine wa skii huko huko Kanada, msimu mzima, kwa hiyo nisikilizeni kidogo. Viza ya kazi na likizo ya Kanada ni ya vijana wa nchi zilizofanya mapatano nao. Mimi niliipata kwa pasipoti ya Uingereza, na bado ilibidi nionyeshe dola 2,500 za Kanada benki na bima ya afya ya muda wote. Kenya haimo kwenye orodha. Hakuna nchi ya Afrika iliyomo. Si kwamba viza hiyo ni ngumu kwa Nabil, kwake haipo kabisa.

Samira Leicester, 22:51
Na ile barua ya kazi aliyonitumia Nabil imeandikwa Whistler, Alberta. Whistler iko British Columbia. Banff ndiyo iko Alberta, na kutoka pale mpaka Whistler ni siku nzima kwa gari. Hoteli gani isiyojua jimbo lake?

Samira Leicester, 22:57
Mkenya akienda kwa njia ya haki, hoteli yenyewe kwanza inaomba kwa serikali yao kibali kinachoitwa LMIA, kuonyesha imekosa Mkanada wa kazi hiyo. Kisha yeye anaomba kibali cha kazi, dola 155, na alama za vidole dola 85. Anailipa serikali, halipi mtu. Sheria ya British Columbia inamkataza wakala kumtoza mfanyakazi kwa kumtafutia kazi, hata dola moja.

Samira Leicester, 23:04
Sitaki kumvunja moyo, kwenda aende. Mimi nilikuwa kwenye lifti ya viti, ile ya kupandisha watu mlimani. Jua halijatoka unazoa theluji kwa koleo, kisha kutwa unashika kiti watu wakae. Siku nyingine nyuzi 30 chini ya sufuri, kope zinagandana. Dola 15 kwa saa, chumba kimoja watu wanne. Theluji ikichelewa unapunguziwa saa za kazi, lakini kodi ya chumba inakatwa vilevile. Milima ile naipenda mpaka leo. Ila nilikwenda nikijua ninakokwenda.

JUMATANO

Shangazi Rukia, 06:05
Ahsante Samira mwanangu. Lakini huyo wakala ni mtu wa dini, na ofisi yake nimeiona kwa macho yangu, ina kompyuta nne. Labda ni kosa la kuchapa.

Omari, 06:30
Kosa la kuchapa jimbo zima?

Shangazi Rukia, 06:31
Wewe hujatoa hata mia.

Omari, 06:33
Nilikuwa nangoja. Nashukuru nilingoja.

Mwanaisha, 09:15
🎤 Ujumbe wa sauti (2:08)

Mama Faudhia, 09:22
Sauti haifunguki kwangu. Bibi amesemaje?

Mwanaisha, 09:41
Naandika kama alivyosema: "Rukia, Swaleh, nyote wanangu. Bangili nilizivua mwenyewe, hapana aliyenivua. Nisizisikie tena kwenye simu ya watu. Swaleh, mimi na wewe tutaongea wawili, si sasa. Rukia, pesa za watu zisitoke mkononi mwako. Baba yenu alipopanda jahazi la Maskati, nahodha alikuja kwanza akala wali hapa ukumbini, tukamjua uso na kwao. Huyu wakala simjui. Na Nabil hajaja kuniuliza. Kesho baada ya alasiri aje, na barua yake. Samira nimsikie kwa simu."

Mwalimu Khamis, 09:50
Sawa mama.

Halima, 09:51
Sawa Bibi 🙏🏾

Ami Swaleh Dubai, 10:30
Nimekusikia mama.

Shangazi Rukia, 11:50
Nimesikia mama. Pesa nimezishika.

Shangazi Rukia, 11:52
Lakini Ijumaa iko pale pale. Atakayetaka kutoa atoe, nitaziweka tu.

Mwalimu Khamis, 11:53
Rukia.

Shangazi Rukia, 11:53
Nimesema nitaziweka!

Nabil, 23:17
Mniwie radhi wote, nilizima simu. Shangazi hana kosa, mimi ndiye niliyemficha. Mwezi uliopita nilimpa yule mtu 30,000 za kushika nafasi. Niliuza pikipiki.

Halima, 23:18
Pikipiki ya baba?

Nabil, 23:24
Ndiyo.

Samira Leicester, 23:26
Nabil, ujumbe wa M-Pesa unao? Usiufute. Na usimwandikie chochote kwanza.

Nabil, 23:28
Ninao. Jina lililotokea ni la mtu, si la ofisi.

Ami Swaleh Dubai, 23:30
Nipigie. Saa yoyote, hata usiku wa manane.

Shangazi Rukia, 23:41
Mwanangu, mbona hukuniambia?

ALHAMISI

Mama Faudhia, 05:58
Rukia, nirudishie zile 10,000 kwanza, ada ya shule inanisubiri. Mambo yakieleweka nitatoa tena.

Shangazi Rukia, 06:20
Nimekurudishia, angalia. Wengine ngojeni alasiri.

Nabil, 06:45
Mwanaisha, nije na barua tu, au na ule ujumbe wa M-Pesa pia?

Mwanaisha, 07:02
Anasema vyote. Na usile kwenu, utakula hapa.

Shangazi Rukia, 07:10
Jumla sasa ni 31,500.