Nataka kumpa mdogo wangu figo, yeye hajaniomba na waifu amenuna. Waliowahi kutoa naomba mnisaidie

Fundi Tofali
Wakuu habari za usiku, mi huwa msomaji tu humu ila leo limenifika. Mdogo wangu ana miaka 31, figo zote mbili zimegoma sababu ya presha ambayo hata hakujua anayo, sasa ni mwaka na miezi minne yuko kwenye mashine, anasafishwa damu mara 3 kwa wiki, masaa manne manne. Alikuwa dereva wa daladala, kaacha. Jumapili nilienda kumwona, mkewe akamletea chai kwenye kikombe cha kahawa, kile kidogo cha kijiweni, akakaa nacho karibu nusu saa, anaonja anarudisha, maana maji ya siku nzima anapimiwa na chai imo humo humo. Mi nilikuwa na chupa yangu ya lita nzima mkononi, nikaisukumia chini ya kiti kama mwizi.

Mimi ni O, yeye ni B, nimeambiwa kwa upande wa damu naweza kumpa, na nimeshaamua nampa. Ila hajaniomba, nikigusa tu hiyo mada anahamia Simba na Yanga. Waifu kanuna wiki ya pili, anasema una watoto watatu na kazi yako ni zege, ukianguka nani atatulisha. Bi mkubwa yeye kaniuliza kitu kimoja tu, eti kiyama nitafufuliwa pungufu? tangu hapo kimya. Waliotoa, maisha yakoje? Na nimpeje huyu mtu asijione ana deni langu mpaka kufa?

mtaa_wa_pili
Moja inaenda shingapi mkuu, nina hali mbaya hapa 😂

Nesi wa Zamu
Wewe wa juu, figo haiuzwi, utani kama huo ndo unapeleka watu jela.

Mleta mada pole sana. Nimekaa wodi ya figo miaka kadhaa, nikushauri upunguze haraka. Kundi la damu ni mlango wa kwanza tu, bado wanalinganisha tishu, wanachanganya damu yako na ya mdogo wako waone kama kinga yake itakushambulia, wanapima presha, sukari, homa ya ini, HIV, na picha ya mishipa ya figo zako. Presha yako ndo wataikomalia zaidi maana kwenu ipo. Ukipita, mara nyingi wanachukua ya kushoto, mshipa wake ni mrefu. Zake za zamani kwa kawaida hazitolewi, mpya inawekwa chini ya tumbo karibu na nyonga, kwa hiyo jamaa atatembea na figo tatu, na atameza vidonge vya kuzuia mwili usiikatae kila siku, saa zile zile, maisha yake yote.

Hatari ipo, asikudanganye mtu. Wamarekani waliwahi kuhesabu wakapata vifo kama 3 kwa kila watoaji 10,000. Figo inayobaki inatanuka na kubeba mzigo, inafika kama 70% ya uwezo wa zile mbili. Zege utarudi lakini sio mwezi ule ule, na diklofenaki mnazomeza mafundi kwa ajili ya mgongo uziage kabisa. Mwambie na shemeji kwamba Ronald Herrick, aliyempa pacha wake figo pale Boston Desemba 1954, ile ya kwanza kabisa kufanikiwa, aliishi mpaka 2010. Pacha aliyepewa aliishi miaka 8 baada ya upasuaji.

Na huduma ipo hapa hapa, Muhimbili walianza 2017, Benjamin Mkapa Dodoma 2018.

Halafu kitu wengi hawakijui: unaweza kukataa hata ukiwa umeshavaa gauni la thieta. Mwambie daktari mkiwa wawili tu, ndugu wataambiwa hafai kitabibu, basi, imeisha.

BintiTanga
Nilimpa dada yangu 2019. Kidonda hakikunisumbua kama bega, kumbe ni ile gesi wanayojaza tumboni ili kamera ione, inapanda juu huko. Dada alikuwa hajakojoa karibu miaka miwili. Siku ile mkojo ukaanza kujaa kwenye mfuko, shangazi kapiga vigelegele wodini mpaka nesi akaja kufoka, akauangalia ule mfuko na yeye akacheka. Ukoo mzima tunashangilia mkojo!

Ila wageni wote kwa dada. Nimelala pale nakodoa macho, hotipoti ya mtori inanipita inaenda kitanda cha pili. Nilisikia wivu, aibu lakini nasema.

Hilo la deni sasa. Dada akaanza kuniogopa, nikimwambia punguza chumvi ananyamaza kama mtoto. Siku moja akasahau dawa za jioni, nikafoka "unachezea figo yangu!" Likanitoka hivyo hivyo. Mwezi mzima hakunisemesha na alikuwa na haki, maana nilikuwa nimempa kwa mkono mmoja huku mwingine bado nimeshikilia. Kwa hiyo kaka yangu usijiulize kama unaweza kukatwa, kukatwa ni masaa tu. Jiulize ukimkuta kesho anafanya ujinga na ile figo utaweza kukaa kimya? Au mwili wake ukiikataa mwezi wa tatu, utamwangaliaje?

asiye_na_ujasiri
Mimi nilipimwa kwa ajili ya mjomba, nikafaa, nikaogopa, nikakataa. Alikaa kwenye mashine miaka mitatu akafariki. Msibani shangazi alinipa mkono anaangalia pembeni. Kama kwenu kuna ndugu wengine hawajajitokeza usiwanunie, hujui wanalala vipi.

Mzee wa Kibokoni
Pole mwanangu, nakuandikia kutoka Mombasa. Mamako mwambie baraza la fiqhi la Jeddah lilikaa 1988 likaruhusu, kwa masharti, ikiwemo mtoaji asipate madhara ya kumharibia maisha na isiwe biashara. Lakini mimi naona si kiyama kinachomnyamazisha yule. Akisema toa, kakutia kisu weye. Akisema usitoe, kamuua mwenzio. Ungekuwa yeye ungesema lipi? Nenda ukae naye tu, usimuulize.

Fundi Tofali
Nimesoma yote, asanteni. BintiTanga umenikamata pabaya, kuna siku nilishajiona akilini nimekaa harusini kwake naambiwa simama kaka uliyetoa figo. Nitakaa na hilo kwanza.

Nimempa waifu simu asome, alipofika kwenye mtori kacheka, mara ya kwanza wiki hizi mbili, akasema mi hotipoti yangu haitakupita. Sijui ndo kakubali au vipi, ila kesho tunaenda wote kupima presha.

Mdogo nimemtumia meseji, neno figo sijaliandika. Nimeandika "nina kitu chako huku, ukikitaka utasema, usipokitaka tunaongea mpira." Tiki za bluu zipo toka saa tatu, hajajibu.

BintiTanga
Zima simu ulale.