Yule jamaa wa mzani leo KANIPIGAPIGA BEGA kaniambia "pole mdogo wangu". Nimechoka naye jamani!!

Wakuu habari zenu. Zangu mbaya, naandika mikono inatetemeka kwa hiyo makosa mtavumilia.

Jamaa mnamjua, jina sitaji maana hata haina haja, kila anayekusanya hivi vidoli vya pakiti za kubahatisha, unanunua hujui nani yumo ndani, keshakutana naye, yule mwenye kimzani cha kupimia dhahabu anachochomoa mfukoni kama daktari anayejiandaa kupasua mtu. Leo kaniwahi. Nafika dukani katoni ndo kwanza limefunguliwa, linanukia upya, na yeye keshainama juu yake anapima pakiti moja moja, anaitikisa sikioni, anairudisha, anaandika kwenye kidaftari. KIDAFTARI wakuu. Mtu mzima ana ndevu mpaka kifuani.

Nikasubiri. Nimesubiri mpaka nikaota mvi, waliokuwa nyuma yangu kwenye foleni wameoa wamezaa wamestaafu, yeye anapima tu. Na mimi shida yangu ilikuwa kidoli kimoja, yule mvuvi mwenye ndoo nyekundu, ndiye pekee aliyebaki seti yangu itimie. Sasa yule mvuvi ana ndoo, ana fimbo ya kuvulia na ana samaki, kwa hiyo pakiti yake inazidi uzito kidogo, na huyu bwana hilo analijua vizuri. Akapata moja, akaipima, akaipima tena, akatabasamu, akaichana PALEPALE mbele ya macho yangu. Mvuvi huyo hapo. Samaki mwenyewe hafiki hata nusu ya ukucha, kakaa ndani ya ndoo mdomo wazi kama ananicheka na yeye.

Halafu jamaa kageuka, kanipigapiga bega, "pole mdogo wangu, zilizobaki zote halali yako."

Pole mdogo wangu!! Mimi?? Na huyu nimemzidi umri! Na hizo zilizobaki ndo zipi, zile alizozitikisa mpaka vichwa vimechomoka humo ndani? Si ziliitwa za kubahatisha hizi, sasa bahati iko wapi mtu akija na maabara nzima? Angechukua akaondoka kimya ningenyamaza, lakini bega! Kunigusa bega! Tena mara mbili, pa pa, pole mdogo wangu. Nimefika nyumbani nimevua shati.

Kausha Damu: Mleta mada umetuandikia kitabu kizima kuhusu mdoli wa sentimita 4. Kwani kazini hamna kazi?

mzee wa dabo: Namjuaaa!! Mimi tulibadilishana, akanipa mmoja hana mkono wa kushoto, namuuliza vipi ananiambia hilo ni toleo adimu. Mpaka leo nimemweka ubavu ili mkono usionekane.

Kausha Damu: @mzee wa dabo na wewe ukakubali 😂😂😂 humu kuna watu wa kuuziwa mbuzi kwenye gunia.

fundi_seti: Ila huyo jamaa wenu ni wa zamani sana, mzani tena? LEGO waliacha vile vifuko mwaka 2023 wakaleta viboksi vya karatasi ngumu kupunguza plastiki, na ile ya kubinya mpaka ujue nani yumo ndani ikafa. Watu wakahamia kuskani alama iliyo chini ya boksi kwa simu, app inakutajia. Na toleo la kwanza la 2010 hata kubinya ilikuwa ya nini, vidoli 16 na kila kimoja kina msimbopau wake nyuma, wewe kusoma tu.

Mleta mada: @fundi_seti sijauliza historia, mimi nimepigwapigwa bega.

fundi_seti: Sawa mdogo wangu.

Kausha Damu: 😂😂😂😂 nimekufa

Hesabu Kali: Tuwe wakweli, jamaa ana akili. Seti ya vidoli 12 ukinunua kwa kubahatisha, na vyote vina nafasi sawa, wastani ni pakiti 37 hivi ndo uikamilishe, na huyo wa mwisho peke yake anakula 12. Ndo maana kila mtu humu ana mfuko wa dabo, vile vilivyojirudia, uvunguni. Mwenye mzani anatoka na 12 zake anaenda kulala.

Mleta mada: Kwa hiyo wewe unamtetea?? Ungekuwepo ukaona lile tabasamu? POLE MDOGO WANGU kamwambie mama yako basi tuone.

Hesabu Kali: Mama mtoe humo mkuu. Na hesabu haina tabasamu.

dada wa rafu ya juu: Nunueni katoni zima mgawane jamani, mbona mnapenda shida. Katoni la 36 mara nyingi zinatoka seti 3 kamili za 12, watu watatu mnachangishana, hakuna wa kupima wala wa kupimiwa.

mzee wa dabo: @dada wa rafu ya juu tulichangishana wanne, hesabu ikakataa, sasa hivi hatusalimiani.

Pakiti Moja Tu: Yaani nyie mnalia mvuvi? Mwaka 2013 yule Mr. Gold, kidoli cha LEGO cha rangi ya dhahabu, ametoka 5,000 dunia nzima. Pale ndo ungeelewa maana ya mtu kubeba mzani.

meno_tisa: Afadhali nyie mna cha kupima. Njooni kwetu Labubu, vile vidoli vya manyoya vyenye meno nje. Wa siri, yule adimu, ni 1 kati ya 72, haya, tunavumilia, sasa feki zimeingia mpaka zina jina lao, Lafufu, na juzi kuna mtu, mnamjua, kaniuzia boksi limefungwa kabisa, namtoa nahesabu meno, wa kweli ana 9, nahesabu tena, nawasha taa nahesabu tena. 10!

Kausha Damu: Si umepewa la nyongeza, sema asante.

meno_tisa: Na lile la kumi limekaa pembeni kabisa linaangalia mlangoni. Nikampigia, ananiambia "labda ni la utu uzima."

dada wa rafu ya juu: 😂😂 huyo muuzaji ana kipaji. Mimi shida yangu ni vumbi tu, mashine ya kukaushia nywele nilijaribu, vimepeperuka vyote, kofia sijaziona tena.

Mleta mada: Jamani turudi kwenye mada, huyu mtu tunamfanyaje?

fundi_seti: Dada tumia brashi laini ya kujipodolea, kavu, usiweke maji kwenye vile vilivyochapwa sura.

mzee wa dabo: Brashi inaacha manyoya. Tia kwenye kabati la kioo yaishe.

fundi_seti: Kabati la kioo na lenyewe vumbi linaingia, nani kakudanganya?

Mleta mada: Wakuu??

Pakiti Moja Tu: @meno_tisa huyo wa meno 10 unamuuza? Njoo inbox, na usimpige brashi.