Mliolala hosteli za kanisa njooni tupeane uzoefu

Wadau habari zenu. Niko huku Edmonton, kuna mzee jirani yangu ametoka kaskazini kabisa mwa Kanada, kanisimulia hosteli aliyokulia mpaka ikabidi nikasome mwenyewe. Mji unaitwa Inuvik, serikali iliujenga miaka ya 50, na 1959 zikafunguliwa hosteli mbili, Grollier Hall ya Wakatoliki na Stringer Hall ya Waanglikana, hela ya serikali ila wanaoendesha ni kanisa. Watoto wa Gwich'in na Inuvialuit, wenyeji wa asili wa huko, wanatolewa vijiji kama Aklavik, Tuktoyaktuk, Fort McPherson, wengine kwa ndege, mchana wanasoma shule moja wote, jioni kila mmoja na dhehebu lake hata kama ni ndugu. Yeye anasema nguo zake ziliandikwa namba na dada yake alikuwa jengo hilohilo ila upande wa wasichana, wanaonana kwa mbali tu wakati wa kula. Unaondoka nyumbani kiangazi kikiisha, unarudi kiangazi kingine, na katikati hapo kuna karibu mwezi mzima jua halichomozi. Stringer ilifungwa 1975, Grollier ikaenda mpaka 1997, yaani juzi tu! Na wasimamizi kadhaa wa Grollier walikuja kufungwa kwa kunajisi watoto.

Haya, nyie wa kwetu ilikuwaje?

—

Mimi nililala kwa masista, Turkana. Kusema ukweli nilienda kwa sababu ya chakula, mwaka huo mbuzi walikuwa wameisha na nyumbani hakuna kitu. Sista mkuu mkali balaa lakini uji haukukosa hata siku moja. Ukishikwa unaongea kikwetu unavaa kibao shingoni mpaka umshike mwingine, saa hizi watoto wangu hawajui Kiturkana na sijui nimlaumu nani.

—

Hapo kwenye kibao umenikumbusha mbali 😂 ila jamani tusichanganye mambo. Babangu aliuza ng'ombe nipate nafasi bwenini, likizo tatu kwa mwaka niko nyumbani. Wale wa Inuvik hata mzazi hakuulizwa vizuri, kijijini hakuna sekondari, upende usipende mtoto anaenda. Hiyo sio bweni, huko ni kunyang'anywa.

—

Mbona mnataja mabaya tu? Hapohapo Inuvik padri mmoja, Mouchet, alifundisha watoto kuteleza kwenye theluji, wakatoka mapacha wa Kigwich'in, Sharon na Shirley Firth, wakaenda Olimpiki nne, 1972 mpaka 1984.

—

Sawa mkuu, ni kweli na wanastahili sifa zao. Lakini Olimpiki haimrudishii mtu utoto wake, mambo mawili tofauti hayo.

—

Walilipwa lakini?

—

Mleta mada hapa. Ndio, makubaliano ya fidia yalianza kutekelezwa 2007, aliyekaa alipata dola 10,000 za Kanada za mwaka wa kwanza na 3,000 kwa kila mwaka ulioongezeka, walionajisiwa walikuwa na utaratibu wao wa pembeni. 2008 waziri mkuu Harper akaomba radhi bungeni. Huyu mzee hela yake alinunua injini ya boti, anaenda kuvua samaki na wajukuu. Ila dada yake alishafariki kabla.

—

Pole yake. Mimi yangu ndefu, ya hosteli ya wamisheni Mbulu, ngoja nitoke kazini niishushe.