Papa mbunge wetu wa Lubumbashi, unafanya kazi siku gani?

Wana Lubumbashi wenzangu,

Bunge lilifunga kikao tarehe 15 Juni, kama Katiba ya Kongo inavyotaka. Sasa tuko katikati ya kiangazi, vumbi linaingia mpaka ndani ya sufuria, na mbunge wa taifa tuliyemchagua tarehe 20 Desemba 2023 hajakanyaga mtaa wetu hapa Katuba. Tunamuona kwenye simu tu: suti nzuri, meza ya mbele, harusi ya mkubwa fulani Kinshasa. Jina silitaji. Mwenyewe atajijua, na majirani zangu wanajua ninamsema nani.

Kila nikilalamika, kuna mtu wa kumtetea: Kinshasa ni mbali, kazi za bunge ni nyingi. Fungueni Katiba, kifungu cha 115. Vikao vya kawaida ni viwili kwa mwaka. Cha kwanza kinaanza 15 Machi na kuisha 15 Juni, cha pili ni 15 Septemba mpaka 15 Desemba. Piga hesabu mwenyewe: nusu ya mwaka mbunge hana kikao cha kawaida. Hata ukiondoa siku za kikao maalumu, anabaki na wiki nyingi mno. Wanaziita vakansi za bunge, lakini hazikuwekwa ili watu wakalale. Ndio muda wa mbunge kuzunguka eneo lililompa kura, kusikiliza watu na kuandika ripoti ya kurudi nayo bungeni. Ripoti ya huyu wetu imeandikwa kwa maneno ya nani? Shefu wa kartye, mkuu wa mtaa, hakuitwa. Mama wanaouza makala (makaa ya kupikia) na mboga sokoni hakuna aliyewauliza neno.

Na angekuwa anachapa kazi kule Palais du Peuple, jengo la bunge, mimi ningenyamaza. Kifungu cha 138 kimempa silaha za kutosha: swali la kuandika, swali la mdomo, kumuita waziri ajieleze, kuomba tume ya uchunguzi. Mbunge mmoja akiamua, waziri anasimama mbele ya nchi nzima na kujibu. Wetu ameuliza nini? Nimeuliza watu wa chama chake, nimeuliza vijana wanaobeba bendera yake, hakuna anayeweza kunitajia swali hata moja.

Chukueni umeme. Maji ya mto Lufira yanazungusha mitambo ya Mwadingusha na Koni, humu humu jimboni kwetu Haut-Katanga. Waya mkubwa kutoka bwawa la umeme la Inga, magharibi, unakata nchi, kama kilomita 1,700, mpaka Kolwezi, ili migodi ya huku ipate moto (umeme). Sisi tunaoishi katikati ya utajiri huo tunapika kwa makala, watoto wanasoma kwa tochi ya simu, fundi wa kuchomelea anakaa mchana mzima akingoja moto urudi. Ni nani anapewa umeme kwanza, na kwa mpango gani? Hilo ni swali la mbunge kwa waziri. Halihitaji pesa, halihitaji digrii. Linahitaji mtu ainuke kwenye kiti.

Halafu pesa za madini. Sheria ya madini iliyorekebishwa mwaka 2018 imegawa mrabaha, malipo ya migodi kwa serikali, wazi: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mji, komini (manispaa), sekta au shefferi (eneo la mwami) ambako mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Malori ya shaba na kobalti yanapita usiku na mchana kwenda Kasumbalesa, mpakani na Zambia, tunayahesabu kwa macho. Hiyo 15 imeingia kwenye komini gani, ikajenga nini? Katiba nayo, kifungu cha 175, inasema asilimia 40 ya mapato ya kitaifa ni ya majimbo, na yakatwe papo hapo yanapokusanywa. Kila Septemba bajeti inafika mezani kwa wabunge. Ndiyo saa ya kudai. Yeye anapiga makofi na wenzake, anatoka.

Ukimuuliza barabara, anakujibu hiyo ni ya gavana. Mtaro umeziba, nenda kwa burugumestri, mkuu wa komini. Umeme, muulize waziri. Papa, huyo waziri wewe ndiye uliyepewa haki ya kumuuliza! Mimi wa Katuba nitampata wapi?

Anapokuja, anakuja kwenye kilio. Magari, walinzi, bahasha kwa wafiwa, mifuko ya unga, picha, kwisha. Inaniuma sana hii, kwa sababu wafiwa wanashukuru kwa moyo, na yeye anaondoka akijua amelipa deni. Deni letu halilipwi kwa unga.

Tena wasinitajie vita. Kule mashariki, Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 Januari 2025, Bukavu Februari. Wabunge wa kule wana wapiga kura wasioweza kuwafikia. Wetu ana ndege mpaka uwanja wa ndege wa Luano na mji wenye usalama, na bado haji.

Tunachodai ni hiki. Kabla ya 15 Septemba, aje Katuba, uwanjani, mchana, bila wanamuziki na bila fulana zenye sura yake. Atuambie aliuliza nini bungeni na alijibiwa nini. Atuletee pia mahudhurio yake ya kikao cha Machi, kwa sababu kifungu cha 110 kinasema asiyehudhuria zaidi ya robo ya mikutano ya kikao kimoja, bila sababu wala ruhusa, anapoteza kiti.

Barua tumeshaanza kuiandika. Kifungu cha 27 kinampa kila Mkongomani haki ya kupeleka ombi kwa wenye mamlaka, kwa hiyo asiogope mtu kutia sahihi. Mlioko komini nyingine za mji wetu, Kenya, Kamalondo, Kampemba, Ruashi na Annexe, andikeni hapa chini mbunge wenu alionekana lini na aliwaambia nini. Tutaweka yote kwenye barua hiyo, nakala moja iende kwa ofisi ya Spika Kinshasa.