Kama ungebakiwa na chungu kimoja tu, ungechagua mmea gani?

Mkaa Roshani

Ndugu wapenzi wa bustani, salaam. Nimezoea kuwa na uwanja wa kupanda nipendavyo, lakini sasa nahamia kwenye nyumba ya ghorofani yenye roshani nyembamba, na baada ya kuondoa sehemu ya kuanikia nguo na ya mtu kupita, nimebaki na mahali pa chungu kimoja kikubwa, labda na kingine kidogo dirishani. Jua huingia tangu asubuhi na kuondoka mara baada ya adhuhuri. Mimea mingine yote nimekwisha kuigawa kwa majirani, nao wameahidi kuitunza, ingawa mmoja wao simwamini sana.

Moyo wangu uko kwa asumini. Asubuhi tumba lake huwa gumu, jeupe lenye ukijani kwa mbali. Likichwa jua linaanza kulegea, petali zinajikunjua taratibu, na harufu hutangulia kabla ua halijafunguka lote. Kesho yake mchana ua lile lile huwa limeingia wekundu wa zambarau pembezoni na kuanguka lenyewe. Sijachoka kuliangalia jambo hilo. Wasiwasi wangu ni kama mmea huo utaridhika na roshani, au utanipa majani matupu mwaka mzima.

Kabla sijaamua, ningependa kusikia kutoka kwenu. Sihitaji orodha ya mimea iliyo rahisi kutunza, kwa kuwa orodha hizo zimejaa kila mahali na zinafanana. Naomba kila mmoja ataje mmea mmoja anaoupenda kuliko mingine, aeleze anavyoutunza, na kitu gani hasa alichokiona kwake kikamfanya asitake kuachana nao.

Bibi wa Rehani

Mwanangu, jina langu limekwisha kukujibu. Mimi ningebaki na rehani, na nisingesitasita.

Anza na mbegu, maana watu wengi hununua mche uliokwisha kukua na kukosa jambo zuri kuliko yote. Mbegu ya rehani ni nyeusi na ndogo mno, lakini ukiidondoshea maji, ndani ya dakika chache huvimba na kujivika utando wa ute wenye weupe wa kibuluu, na punje nyeusi inaonekana katikati. Ute huo huishika mbegu kwenye udongo na kuihifadhia unyevu wakati inapoanza kuota. Kwa hiyo usizifukie kwa kina. Zitawanye juu ya udongo laini, zifunike kwa udongo kidogo sana, kisha unyunyize maji badala ya kuyamwaga.

Mche ukishakuwa na jozi tatu au nne za majani, chukua ncha ya shina kwa kidole gumba na cha shahada, uikate juu kidogo ya jozi ya majani. Ukipapasa shina utahisi kwamba si la mviringo bali lina pande nne, na kwamba kila jozi ya majani inakaa msalaba na ile iliyo chini yake. Katika kwapa la kila jani mna chipukizi lililolala likingoja ncha ya juu iondoke. Ukikata, machipukizi mawili huamka mahali palipokuwa na shina moja, na baadaye kila moja ukalifanyia vivyo hivyo. Mmea usiokatwa hurefuka, hutoa maua, kisha huacha kuzaa majani, na yale yaliyopo hubadilika na kuwa makali. Wanaosema kwamba rehani haidumu kwa kawaida ni wale wanaouonea huruma mkasi.

Rehani haiishi miaka mingi kwa desturi yake, na hilo halinisumbui, kwa sababu kitawi ulichokipogoa, ukikiondolea majani ya chini na kukisimamisha katika glasi ya maji, hutoa mizizi kwenye vifundo vyake katika wiki moja au mbili. Mimi huacha tawi moja tu lichanue kwa ajili ya nyuki. Mengine yote ni ya jikoni.

Dirisha la Mashariki

Shikamoo, Bibi. Nakubaliana nawe kuhusu mkasi, lakini mimi nakizungumzia kile chungu kidogo cha dirishani, ambacho naona kama kimesahauliwa. Hapo ningeweka saintpaulia.

Wengi hudhani ua hili limetoka Ulaya, kwa sababu aina nyingi zinazouzwa zimezalishwa huko na Marekani, ilhali asili yake ni misitu ya Tanzania na Kenya, hususan milima ya Usambara. Ofisa mmoja wa utawala wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta huko mwaka 1892 na kupeleka mbegu kwa baba yake Ujerumani, na mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalieleza kisayansi na kulipa jina la familia hiyo. Mwaka 2015 wataalamu waliliingiza katika jenasi ya Streptocarpus, ila sisi watunzaji tumeendelea kulitumia jina la zamani, na sioni dalili ya kuliacha.

Ukijua linakotoka, matunzo yake hayakupi shida. Huko kwao huota kwenye miamba yenye kivuli na kuvumwani, chini ya miti mirefu, penye udongo haba ambao maji hupita bila kutuama. Kwa hiyo linataka mwanga mwingi usio wa jua la moja kwa moja, chungu kifupi, na udongo mwepesi wenye mboji. Pazia jembamba dirishani linatosha. Maji baridi yakidondokea majani huacha mabaka yasiyofutika, na ndiyo maana mimi hutumia maji yaliyokaa ndani ya nyumba hadi yakawa vuguvugu, nikayaweka kwenye kisahani chini ya chungu. Baada ya nusu saa nayamwaga yaliyobaki, kwa kuwa likiachwa ndani ya maji, moyo wake huoza.

Sasa nije kwenye kilichoniteka. Unachukua jani moja zima pamoja na kikonyo chake, unakikata kikonyo mshazari ukibakiza kama sentimita tatu, unakichomeka kwenye udongo wenye unyevu, na kukifunika chungu kwa mfuko wa plastiki unaopitisha mwanga. Wiki kadhaa hupita bila kuonekana chochote. Kisha, chini kabisa, pale kikonyo kinapoingia udongoni, vinachomoza vijani vidogo kuliko kichwa cha pini, na vingine vimefuata nyuma yake, vyote tayari vina manyoya kama mama yao. Jani moja laweza kutoa miche kadhaa, kila mmoja ukawa na mizizi yake.

Tahadhari moja tu kwa anayependa zile aina zenye mistari katikati ya petali: hizo ukizipandikiza kwa jani, mara nyingi mistari haiji. Nimeona watu wakiwalaumu wauzaji bure.

Mkesha

Mimi nitasema kwa ufupi. Mmea wangu ni malkia wa usiku, yule dungusi wa misitu ya Meksiko na Amerika ya Kati ambaye kisayansi huitwa Epiphyllum oxypetalum, na sitadanganya kwamba ni mzuri. Kwa sehemu kubwa ya mwaka ni mashina bapa yaliyojipinda ovyo, ambayo wageni huyaita majani na kuuliza kwa nini sijayatupa.

Kisha, katika mapengo yaliyo ukingoni mwa shina, linatokea tumba dogo linaloning'inia kwa shingo ndefu. Siku ya kuchanua, shingo hiyo hujikunja na kuliinua tumba, nawe ukiona hivyo ujue usiku huo hulali. Giza likishaingia, ua hufunguka mbele ya macho yako, jeupe, pana kuliko kiganja, lenye harufu inayojaa chumba kizima, na kabla ya mapambazuko limekwisha kunyauka. Hahitaji kazi kubwa: kivuli chepesi, udongo unaopitisha maji, na kuachwa mahali pamoja, kwa maana akihamishwahamishwa wakati ana matumba huyaangusha.

Kwa roshani yenye nafasi ya chungu kimoja simshauri mtu. Mmeuliza tunachokipenda, nami nimejibu.

Fundi Udongo

Nimewasoma wote kwa furaha, lakini naona kila mmoja amechagua mmea unaomtaka awepo nyumbani. Mtu anayehama nyumba atakuwa na mambo mengi. Mimi ningechagua sansevieria, ile yenye majani marefu yaliyosimama wima na kingo za manjano, na sitaki kusikia kwamba ni mmea wa maofisini.

Hufungua vitundu vya majani yake usiku, wakati hewa imepoa, na kuvifunga mchana, ndiyo sababu hupoteza maji kidogo sana na kuvumilia kusahauliwa kwa majuma. Kinachouua ni huruma ya kuumwagilia kila siku hadi shina lake la chini ya udongo linaoza. Ukipata mwanga wa kutosha na ukakaa sana katika chungu kinachoubana, unaweza kukushangaza kwa kutoa mkuki wa maua meupe ya ukijani yanayonukia usiku, jambo ambalo wengi wanaoumiliki hawajawahi kuliona.

Ndugu wa Dirisha la Mashariki ametaja mistari inayopotea, na hapa pia ipo habari hiyo hiyo. Ukilikata jani lenye kingo za manjano vipande vipande na kuvichomeka udongoni, vitaota, lakini miche itakuwa ya kijani tupu. Manjano yale hutokana na tabaka la seli zisizo na kijani pembeni mwa jani, ilhali chipukizi jipya huanzia kwenye seli za ndani. Anayetaka kingo zibaki hana budi kuutoa mmea chunguni na kuligawa shina la chini, kila kipande kikiwa na majani yake.

Mkaa Roshani

Bibi, shikamoo, na nyote nawashukuru. Mmenipa tabu kuliko mlivyonisaidia, kwa maana sasa nautaka kila mmea. Chungu kidogo nimekwisha kukiamulia, ni cha saintpaulia, nami nitaanza na jani, sitanunua mmea mzima. Kuhusu chungu kikubwa, bado ninang'ang'ania asumini. Ndugu Fundi, hoja yako ni ya haki, lakini mimi ni wa kurudi nyumbani kila jioni, na hiyo ndiyo saa ya asumini. Je, yupo mwenye kuulea chunguni kwa jua la asubuhi pekee?

Mama Vyungu

Nipo mimi, na wangu umekaa chunguni tangu ulipokuwa kitawi. Usiogope roshani. Pima kwanza saa za jua, kwa kutazama mwenyewe siku isiyo na mawingu. Ukipata kama saa sita za jua halisi, maua utayaona. Zikiwa nne mmea utaishi na kuwa na majani mazuri, ila maua yatakuwa machache, na hapo mbolea haitakusaidia kitu. Kwa maelezo yako ya jua hadi baada ya adhuhuri, nadhani uko salama, mradi jengo la mbele lisikuzibe.

Majani matupu unayoyahofia husababishwa na mambo mawili mara nyingi zaidi ya jua. La kwanza ni samadi au mbolea yenye naitrojeni kwa wingi, ambayo huusukuma mmea kwenye majani. Tumia mboji kidogo, na msimu wa matumba ukikaribia chagua mbolea yenye potasiamu zaidi. La pili ni kuogopa kupogoa, na hapa Bibi amekwisha kusema yote. Asumini huchanua kwenye ncha za vitawi vipya. Kila kundi la maua likimalizika, rudisha kila kitawi nyuma kwa kukikata juu ya jozi ya majani yenye afya, na vitawi vipya vitakavyotoka hapo ndivyo vitakavyobeba matumba. Asiyepogoa huishia na mtambaazi mrefu wenye maua machache ya mbali yasiyofikika.

Kagua upande wa chini wa majani mara kwa mara, kwa kuwa kwenye roshani yenye upepo mkavu utitiri hupenda kujificha hapo. Utaona vidoa vidogo vyenye rangi iliyofifia juu ya jani kabla hujawaona wenyewe. Ukiwawahi, kuliosha jani kwa maji ya nguvu asubuhi kunatosha. Maji ya kumwagilia yape udongo pale tabaka la juu linapokauka, na chungu kiwe na matundu yasiyozibwa.

Na kabla hujahama, kata vitawi viwili au vitatu vyenye urefu wa kiganja kutoka kwenye mmea wako wa sasa, visivyo na matumba, uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu mahali pa kivuli. Kuubeba mmea mkubwa uliozoea ardhini ni kazi ngumu, na mizizi yake mingi itabaki udongoni. Kitawi kilichoanza maisha yake chunguni hakitadai zaidi ya chungu. Ule mkubwa mwachie jirani, ila usimpe yule usiyemwamini.