Mbavu za kitimoto kwenye presha kuka ya umeme zinatoka ngumu, naombeni ushauri

Kibo255
Wakuu, habari zenu. Nina presha kuka ya umeme ya lita 6, wati 1,000, ya vitufe. Naweka kilo moja na nusu ya mbavu za nguruwe zilizokatwa vipande, nyanya tatu, kitunguu, tangawizi, kitunguu saumu, ndimu na nusu kikombe cha maji. Nabonyeza kitufe cha nyama, jiko linajipangia dakika 20. Likilia tu nageuza valvu mvuke utoke, nafungua. Nyama inakuwa ngumu, na mara nyingine jiko linapiga kelele katikati, linaandika kosa, na chini kunakuwa kumeungua. Niko Arusha. Tatizo ni muda, maji, au nyama yenyewe? Nataka ile ambayo ukishika mfupa nyama inaachia, halafu juu iwe imekauka na kushika rangi kama ya kuchoma.

Jiko la Tatu
Kabla hujaambiwa uongeze dakika, angalia kwanza ni ugumu gani, maana upo wa aina mbili na dawa zake zinapingana. Chukua kipande, shika mfupa, vuta nyama. Kama inang'ang'ania mfupa na ukitafuna inanesa kama mpira, haijaiva vya kutosha: kano na gegedu bado hazijalainika. Kama inaachia mfupa bila shida lakini mdomoni ni nyuzi kavu zinazobaki kwenye meno, hiyo imepitiliza, au imepoteza maji yake wakati wa kufungua. Hiyo ya pili ukiiongezea muda unazidi kuiua. Yako ni ipi?

Kibo255
Vipande vingi ni aina ya kwanza. Vile vyembamba ni kama aina ya pili. Na upande wa ndani wa mfupa kuna kitu cheupe kinachong'aa, hakitafuniki.

Shoka la Bucha
Jibu lako liko bucha kabla halijafika jikoni. Sufuria moja ina vipande vibichi na vilivyopitiliza kwa sababu havilingani. Bucha nyingi za kitimoto zinapiga shoka bila kuuliza, kipande kimoja sentimita 4, kingine 12, na chembe za mfupa zenye ncha zimejaa katikati. Mwambie muuzaji mapema akuachie ubavu mzima, usiguswe na shoka. Ukifika nyumbani ugawe kwa kisu kati ya mfupa na mfupa, vipande vya mbavu tatu tatu au nne nne.

Hicho cheupe ni utando. Hautalainika vizuri hata uongeze muda, unajikunja ukipata moto, na viungo havipiti. Ubavu ukiwa mzima unatoka kirahisi: ingiza mkia wa kijiko kati ya utando na mfupa wa pili kutoka mwisho, inua hadi kidole kipite, halafu ushike kwa kitambaa kikavu (kwa mkono mtupu unateleza) na uvute taratibu. Mara nyingi unatoka wote kwa mkupuo. Kwenye vipande vya shoka itabidi ukwangue kimoja kimoja, na hakuna mwenye subira hiyo.

Halafu ujue umenunua mbavu zipi. Za karibu na uti wa mgongo ni fupi, zimepinda, nyama yake laini: dakika 20 hadi 25 zinatosha. Za chini kuelekea tumboni ni ndefu, bapa, zina mafuta na gegedu nyingi: dakika 30 hadi 35. Kama ni jike lililokwisha kuzaa mara kadhaa, nenda 40. Utamjua kwa nyama yenye wekundu uliokolea na mfupa uliokatwa kuwa mweupe mkavu. Wa mnyama mchanga una wekundu ndani. Kitufe cha nyama hakijui lolote kati ya haya, kwa hiyo achana nacho, panga dakika mwenyewe.

Na muhuri wa mkaguzi wa nyama uuone kwa macho. Joto la presha kuka linaua tegu, hilo halina ubishi, lakini nyama yenye vijivimbe vyeupe vya ukubwa wa punje ya mchele si ya kupeleka nyumbani.

Wati Elfu
Nimalizie upande wa jiko. Kuna mambo matatu hapo.

La kwanza ni kufungua mara moja. Ndani ya presha kuka ya umeme joto linafika nyuzi 112 hadi 115 hivi. Kwa mwinuko wa Arusha, kama mita 1,400, maji nje ya presha yanachemka kwenye nyuzi 95. Ukigeuza valvu ghafla, maji yaliyomo ndani ya nyama yenyewe yanachemka papo hapo na kutoka kwa nguvu, nyuzi zinabana. Ndiyo maana vyembamba vinakuwa vikavu. Jiko likilia, zima kabisa ili lisihamie kwenye kutunza joto, liache dakika 15 presha ishuke yenyewe, ndipo utoe mvuke uliobaki. Hizo dakika 15 nyama bado inaiva, si muda uliopotea.

La pili ni mwinuko. Kanuni inayotumika ni kuongeza asilimia 5 ya muda kwa kila mita 300 ukishavuka mita 600. Kwa Arusha ni kama asilimia 13: dakika 25 za Dar zinakuwa 28, na 35 zinakuwa 40 ukikadiria kwa juu.

La tatu, hakikisha presha inajaa kweli. Majiko ya vitufe yanaanza kuhesabu presha ikishajaa. Yale ya kuzungusha nobu yanaanza kuhesabu ulipozungusha, kwa hiyo dakika 10 hadi 15 za mwanzo ni za kupasha tu, lazima uziongeze. Angalia kile kipini kidogo kwenye mfuniko: kisipopanda na mvuke ukawa unavuja pembeni, hakuna presha, unachemsha tu. Toa mpira wa mfuniko, ufute, uukandamize urudi kwenye waya wake pande zote.

Mama Tangawizi
Kuungua kunatokana na nyanya, dada. Au kaka, sijui. Nyanya tatu na kitunguu vikikaa chini na maji nusu kikombe vinakuwa uji mzito, mvuke haupandi, chini kunapata joto kuliko jiko linavyoruhusu, linajizima na kuandika kosa. Kwa jiko la lita 6 anza na kikombe kizima cha maji, mililita 250. Nyama yenyewe itatoa kama kikombe kingine. Nyanya, asali, sukari na sosi yoyote nzito vinaingia *baada* ya presha.

Kwa kilo moja na nusu:

Chumvi gramu 15, yaani vijiko viwili na nusu vya chai visivyojaa sana. Pilipili manga kijiko kimoja cha chai, bizari nyembamba kimoja, tangawizi na kitunguu saumu vilivyotwangwa kijiko kimoja kikubwa kila kimoja. Paka pande zote, funika, weka kwenye friji saa moja hadi usiku kucha. Ukitaka sosi ya soya vijiko vitatu vikubwa, punguza chumvi ibaki kijiko kimoja na robo, la sivyo hutakula.

Weka kile kistendi cha chuma kinachokuja na jiko, mimina maji na vijiko viwili vikubwa vya siki, kisha simamisha mbavu wima kuzunguka ukuta wa sufuria, mfupa ukiangalia ndani. Ukizilaza zikapandana, za chini zinachemka kwenye mchuzi na kuchuja ladha. Ukikaanga kwanza kwenye sufuria hiyohiyo, mimina maji na ukwangue chini kwa mwiko hadi pawe safi kabla ya kufunga. Ile rangi iliyoganda chini nayo inaleta kosa.

Ndizi Choma
Mbona hakuna aliyetaja papai bichi? Unapaka juisi yake, nyama inalainika bila kuhangaika na presha. Wengine wanatumia soda ya kola.

Mama Tangawizi
Papai ni zuri kwa nyama ya kuchoma moja kwa moja, tena kwa nusu saa tu. Kimeng'enya chake kinakula juu ya nyama, hakifiki kwenye kano zilizo karibu na mfupa, na ndizo zinazomsumbua huyu. Ukipaka papai halafu ukaweka presha, juu inakuwa rojo na ndani hujasaidia kitu. Ndimu nyingi vilevile: ukiloweka usiku kucha juu inapauka na kuwa chembechembe. Ndimu kamulia mezani.

Kola ni maji yenye sukari na asidi kidogo. Kikombe kimoja kina sukari ya kama vijiko sita vya chai. Inaleta rangi na utamu, kulainisha ni kazi ya joto na muda. Ukiitumia, ihesabu kama yale maji, usiongeze na asali.

Nyanda za Juu
Niko Njombe, swali langu linafanana. Nikiweka kilo tatu niongeze dakika mara mbili? Na umeme ukikatika katikati nafanyaje?

Wati Elfu
Mkuu, muda unafuata unene wa kipande, haufuati uzito wa jumla. Kilo tatu zenye vipande vilevile zinakaa dakika zilezile, ila jiko litachelewa kufikia presha. Usivuke theluthi mbili ya sufuria. Kwa Njombe, karibu mita 2,000, ongeza kama asilimia 23: dakika 25 ziwe 31, 35 ziwe 43. Nyama iliyoganda kwenye friza iyeyushe kwanza. Tonge la barafu linaiva nje huku katikati bado.

Umeme ukikatika, usiguse valvu. Sufuria iliyojaa presha inaendelea kupika yenyewe hadi kipini kishuke, mara nyingi dakika 15 hadi 25. Umeme ukirudi ndani ya muda huo, panga dakika zilizobaki na uwashe. Ukirudi baada ya nusu saa, anza tena ukipunguza robo ya muda wote. Kama hukuwepo na imekaa zaidi ya saa mbili ikiwa vuguvugu, mwaga.

Kwa wanaoogopa luku: wati 1,000 kwa dakika 15 za kupanda presha ni robo uniti, baada ya hapo jiko linawaka na kuzima. Chungu kizima hakifiki nusu uniti. Kinachokula umeme ni kukausha mchuzi mwishoni.

Kibo255
Nimewaelewa wakuu. Sasa hiyo ya juu kukauka na kushika rangi? Sina oveni. Na mpira wa mfuniko unanuka kitimoto hata nikipika wali.

Shoka la Bucha
Mkaa unatosha. Ila usitoe mbavu zikiwa za moto sana, zitakuvunjikia mkononi. Mvuke ukiisha, fungua, ziache humohumo dakika 10, kisha toa kila kipande kwa koleo ukiwa umekitegea mwiko mpana chini. Zifute maji kwa tishu. Nyama yenye maji juu haishiki rangi, inachemka tu kwenye wavu.

Moto wa wastani, mkaa uwe umeshika majivu meupe. Dakika 4 upande wa mfupa, 3 upande wa nyama, *ndipo* upake sosi na uzigeuze dakika moja moja kila upande. Sosi yenye sukari ukiipaka mwanzo inaungua na kuwa chungu kabla nyama haijakauka. Bila mkaa, tumia kikaango kizito, mafuta kijiko kimoja, moto mkali, dakika 2 hadi 3 kila upande. Mwenye oveni: nyuzi 220, waya wa juu, dakika 8 hadi 10.

Mama Tangawizi
Sosi itoke kwenye ule mchuzi wa chini, usiumwage. Engua mafuta yanayoelea, weka nyanya ya kopo vijiko viwili vikubwa, asali kimoja, siki kimoja, pilipili kichaa ukipenda. Bonyeza kitufe cha kukaanga, mfuniko wazi, koroga hadi ushike mgongo wa kijiko, dakika 15 hadi 20. Onja kabla ya kufikiria chumvi, maana mchuzi ukipungua chumvi inakolea yenyewe.

Kuhusu mpira: uutoe kila ukipika, uoshe kwa sabuni, uuanike nje, usiufungie ndani ya jiko. Ukizidi, chemsha kikombe cha maji na nusu kikombe cha siki kwa presha dakika 3. Harufu inapungua, haiishi, silikoni inashika mafuta. Nunua mpira wa pili wa saizi ileile, mmoja wa nyama, mwingine wa wali na maharage. Ila kama unapikia pia watu wasiokula nguruwe, mpira wa pili si heshima ya kutosha. Watengee jiko lao.

Na kama harufu yenyewe iko kwenye nyama, kali kama mkojo, hiyo ni nyama ya dume lisilohasiwa. Tangawizi haiitoi, presha haiitoi. Badilisha bucha.

Ndizi Choma
Zikibaki hadi kesho? Nikipasha kwenye sufuria zinakauka.

Wati Elfu
Zipashe kwa mvuke. Kikombe cha maji chini, kistendi, mbavu juu yake zikiwa zimefungwa kwenye foili na kijiko kimoja cha sosi ndani, presha dakika 3, uache dakika 5 kabla ya kutoa mvuke. Kwenye friji zikae siku tatu, zisizidi nne. Kama ulijua mapema zitabaki, hizo usizichome kabisa siku ya kwanza. Zihifadhi zikiwa zimetoka kwenye presha tu, uzichome siku ya kula.