Tupeane uzoefu: kahawa ya shilingi na redio ya usiku, Lamu ya ujana wetu

Kijana wa Zamani

Assalam aleikum ndugu zangu. Tangu mtangazaji Leonard Mambo Mbotela alipotutoka Februari 2025, kila nikijilaza naisikia redio. Si sauti yake pekee. Ni redio yote ile ya usiku: miluzi ya masafa, mtangazaji anayekuja na kupotea kama bamvua, na juu ya hayo harufu ya tangawizi. Mimi redio na kahawa sijui kuvitenganisha. Basi naomba tupeane uzoefu. Ulikuwa ukinywa nini, kwa bei gani, na redio ilikuwa ya nani?

Naanza mimi. Mkomani, mwaka 1990, nina miaka 16. Kikombe cha kahawa tungu ni shilingi moja. Nyumbani redio tulikuwa nayo, ila betri zilikwisha na hakuna aliyekuwa na fedha ya kununua nyingine. Kichochoroni kwetu palikuwa na mzee ambaye sote tulimwita Ami. Akishasali isha na kula, hutoka na redio yake kubwa akaiweka barazani. Muuza kahawa naye aliijua saa hiyo. Ungesikia vikombe vikigongana tangu kona ya msikiti, kisha dele, lile birika la kahawa, linatokea, makaa mekundu chini yake.

Ukinunua kikombe kimoja umepata pa kukaa mpaka redio izimwe. Hakuna aliyeitamka kuwa ni sheria, lakini aliyekuja mikono mitupu alisimama. Kikombe kimoja nikikinywa kwa saa mbili. Kinapoa, kinakuwa kichungu kama shubiri, na bado nabakisha tone ili mwenyewe asije akakichukua kukiosha.

Usiku nisioweza kuusahau ni wa 1 Julai 1990, Cameroon na Uingereza, robo fainali ya Kombe la Dunia kule Napoli. Kwetu mpira ulianza saa nne za usiku. Uingereza walitangulia, Cameroon wakarudisha, wakaongeza la pili, na baraza zima likawa limesimama. Wazee ambao hata magoti yalikuwa yakiwasumbua walisimama. Kisha ikaja penalti, zikaja dakika za nyongeza, ikaja penalti nyingine. 3-2. Hakuna aliyesema neno. Muuza kahawa akapita mmoja mmoja akatujazia vikombe, na hakunyoosha mkono kwa mtu.

Kitu kimoja kikituudhi. Ami aliiweka redio upande upande, uso wake umeelekea nyumba ya pili badala ya sisi. Taarabu ya Unguja ikitujia na mikwaruzo. Ukijaribu kuigeuza anakupiga kikofi: "Iwate papo!" yaani iache hapo hapo. Sasa marehemu, Mungu amrehemu. Alikuwa mkarimu mno kwetu. Ijumaa nyingine alikuwa akiingia ndani akitoka na sahani ya kashata, na sisi tulikuwa hatuulizi, tunakula.

Fundi Mstaafu

Waaleikum salaam. Nimetengeneza redio Langoni kwa miaka mingi, kwa hiyo acha nilieleze hili la Unguja maana vijana wengi huniuliza mbona mchana haikushika.

Masafa ya kati mchana hayaendi mbali. Jua likiwaka huwa kuna tabaka fulani huko juu angani linaloyameza mawimbi. Jua likizama tabaka hilo hutoweka, mawimbi yakapanda mpaka tabaka la juu zaidi, yakagonga na kurudi ardhini mbali sana na yalikotoka. Ndiyo maana Zanzibar na Dar es Salaam zilitufikia vizuri baada ya magharibi, na ndiyo maana sauti ilikuwa ikija na kupotea, kwa kuwa dari lenyewe la angani halitulii.

Ndani ya redio mna kijiti cheusi kilichozungushiwa waya mwembamba. Hicho ndicho kinachoyadaka masafa ya kati. Kikiwa kimelala ubavu kwa upande inakotoka stesheni, kinadaka vyema. Kikielekeza ncha huko, kinakuwa kiziwi. Kwa hiyo kugeuza redio robo tu ya duara kunatosha kuipoteza Unguja. Ami wenu alikuwa akiiharibu sauti kwa mikono yake mwenyewe, na kwa mtu mwenye redio ya namna ile si rahisi kuwa hakujua.

Na betri, wallahi, betri. Asubuhi ungeziona zimepangwa juani kwenye kuta kama samaki wa kukaushwa. Zilikuwa zikipata uhai kidogo, wa kutosha taarifa ya habari, sio wa kutosha taarabu.

Mzee wa Ndururu

Wanangu, nyinyi mwasema shilingi. Sisi miaka ya sitini kikombe kilikuwa ndururu, yaani senti 5, na mwenye peni alikunywa viwili.

Redio yetu ilikuwa Cairo. Walikuwa na matangazo ya Kiswahili tangu 1954, lakini sisi tulichongojea ni Alhamisi ya kwanza ya mwezi, Umm Kulthum akiimba moja kwa moja. Wimbo mmoja uliweza kuchukua saa nzima. Anaurudia mstari ule ule, mara ya kwanza ni ombi, mara ya tatu ni kilio, na watu wa kule ukumbini unawasikia wanavyopagawa. Kiarabu changu kilikuwa cha chuo cha Kurani tu. Nilikuwa nikishika neno moja hapa, moja pale, na mengine namuuliza sharifu mmoja aliyekaa karibu nami, naye ananyamaza kwa kuwa machozi yanamtoka.

Tulikuwa tukienda mpaka usiku mkuu. Muuza kahawa akizima makaa, akalala pale pale kibarazani, tukimaliza tunamwamsha aende zake nyumbani.

Baadaye nilipomsikia Zein l'Abdin, mwana wa Lamu hii hii, akipiga udi, nilijua naye aliwahi kukaa mbele ya redio kama ile. Kidole kilikuwa kinasema. Umm Kulthum alifariki 3 Februari 1975, na habari hiyo pia niliipata barazani, kikombe mkononi. Sikukimaliza.

Baharia wa Matondoni

Mimi sikuwa na baraza, nilikuwa na jahazi. Tulikuwa tukipakia boriti za mikoko kwenda Mombasa. Kinywaji chetu chai ya mkandaa, isiyo na maziwa, na sukari ikipatikana. Wabara hucheka jina hilo, lakini aliyeona maji yaliyorowekwa gome la mkandaa, yule mkoko wa kutilia rangi, anajua kwa nini chai nyekundu ikaitwa hivyo. Chai haikuwa na bei, nahodha ndiye aliyenunua majani.

Redio ya nahodha ilifungwa kwenye mfuko wa nailoni, maji ya chumvi yasiifikie, tukaisikiliza hivyo hivyo ndani ya mfuko wake. Huko baharini hakuna ukuta wala mti. Usiku usio na mwezi stesheni zilikuwa zikiingia safi mpaka unageuka kutazama kama mtu amekaa nyuma yako. Nakumbuka Idhaa ya Kiswahili ya BBC, tunaambiwa ya Rwanda mwaka 1994. Upepo wa kusi mwanana, tanga limejaa, nyota zote zipo, na maneno yale. Nahodha aliizima kabla haijakwisha. Akasema tusali.

Wa Ganda

Samahani mimi ni wa Malindi, naomba mnipokee. Nasoma nikiona kahawa, kahawa. Kwetu Ganda kilikuwa mnazi, na sioni haya kusema maana ndio kazi iliyonisomesha. Baba alikuwa mgema.

Anapanda asubuhi, mchana na jioni, anakata karara kidogo, anabadilisha kibuyu. Uliogemwa sasa hivi ni mtamu, hata mtoto anaonja. Ukikaa unajichachia wenyewe, hakuna kinachotiwa. Ukilala, kesho unaelekea kuwa siki. Ndiyo sababu ulikuwa rahisi. Baba hakuwa na uwezo wa kuuweka mpaka mwisho wa mwezi akangoja bei. Kila saa ikipita usiku, chupa ilikuwa ikishuka bei, na vijana wasio na kitu walikuja mwisho kabisa, wakakuta mkali zaidi kwa fedha ndogo zaidi.

Pale mangweni, penye kunywewa mnazi, redio ilining'inizwa kwenye mnazi wenyewe, kwenye msumari. Wazee wanavuta kwa mirija, mazungumzo yamepamba moto, ila ikianza Je, Huu ni Ungwana? basi kimya. Mbotela alikianza kipindi hicho 1966, kabla sijazaliwa, na nilikulia ndani yake. Nilimwona mzee mmoja akiambiwa na redio kwamba si ungwana kutema mate njiani, akatazama alipotema, akafukia mchanga kwa mguu.

Idhaa ya Taifa ilikuwa ikifunga kwa wimbo wa Taifa. Baba alikuwa akisimama, chupa tupu mkononi, mpaka uishe. Ndipo twende kulala.

Mwana Faza

Faza kwetu mwalimu ndiye aliyekuwa na redio inayosikika kweli. Kinywaji maji ya ukwaju, mama yake akiyatia kwenye vifuko vya nailoni, unang'ata pembe unavuta. 14 Oktoba 1999 alipofariki Nyerere, tulikaa ile siku na usiku wake tukisikiliza Radio Tanzania, nyimbo za maombolezo tu. Sisi si raia wa kule. Lakini bibi yangu alilia kama amefiwa na kaka, kwa kuwa sauti ile ilikuwa ikiingia nyumbani mwake usiku miaka yote, na kwa Kiswahili anachokielewa bila ya kuuliza mtu.

Binti wa Ghorofani

Nimesoma yote tangu juu, na naona sisi wanawake hatumo. Kwa hivyo niseme.

Sisi hatukukaa barazani. Ila tulikuwa tukisikia. Nilikuwa mdogo, miaka minane hivi, na nikilala chumba kimoja na bibi yangu mzaa mama, Mkomani, orofa ya pili. Miguu yake ilikuwa imekwisha, hatoki, hashuki hata ngazi moja. Kila siku baada ya isha alikuwa akiniambia, "Mwanangu, funua dirisha, Unguja yaya," yaani yaja. Nami nafungua. Taarabu ikiingia kama imo chumbani. Alikuwa na birika dogo la maziwa ya iliki, akinimiminia nusu kikombe, nusu yake yeye, tunakunywa gizani ili taa isile mafuta.

Alizijua nyimbo zote. Alikuwa akizitangulia kwa kunong'ona, neno moja kabla ya mwimbaji. Hadithi aliyoniambia ni kwamba alipokuwa mwari aliwahi kwenda Unguja mara moja tu, akakaa mwezi mzima, na hakurudi tena huko. Mimi ndiye niliyezidi kupenda zile dakika baada ya redio kuzimwa. Wanaume wanaagana huko chini, viatu vinakwenda, kisha hamna kitu isipokuwa punda, na bibi anauendeleza wimbo peke yake mpaka usingizi umchukue.

Alifariki 1993. Dirisha lile sikulifungua usiku tena.

Kijana wa Zamani

Binti, samahani dada yangu, nakuuliza. Dirisha hilo lilikuwa linatazama kichochoro chenye wikio, kile kivuko cha orofani kinachounganisha nyumba mbili juu ya njia? Upande wa pili wa baraza ndefu iliyovunjika pembe?

Binti wa Ghorofani

Ndilo. Wikio lilikuwa letu na la nyumba ya pili. Nikipita humo kila nikitumwa.

Fundi Mstaafu

La ilaha illallah.

Kijana wa Zamani

Nimekaa na simu mkononi nusu saa.

Kwa hiyo uso wa redio haukuwa umeelekea ukuta. Miaka ile yote tulikuwa tukinung'unika. Mimi mwenyewe nilisema maneno mabaya juu ya mzee yule, kwamba ameanza kuzeeka na anaona choyo hata ya sauti. Hakutujibu hata siku moja. Alikuwa akisema iwate papo, basi.

Dada, ulikuwa ukitumwa nini kupitia wikioni?

Binti wa Ghorofani

Siku za Ijumaa bibi alikuwa akiniambia nipike naye kashata za nazi. Yeye anakaa kitandani ananielekeza, mimi nakoroga. Zikishapoa nazipanga, napita wikioni, nampa mke wa Ami. Nilidhani ni za watoto wao.

Kijana wa Zamani

Sahani ya bati, nyeupe, maua mekundu pembeni, imebanduka rangi mahali pamoja?

Binti wa Ghorofani

Pawili. Ninayo. Iko kabatini kwangu hapa Mombasa.